Moyo Umezibuliwa, Sasa Tuongee Habari za Tundu

Najua nimepotea kidogo. Nilikuwa na mgonjwa, na wale mliowahi kulala kwenye benchi la wodi mnajua kwamba ukiwa na mgonjwa huna siku wala tarehe. Mgonjwa mwenyewe ni mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori, mtu wa miaka 61 ambaye maisha yake yote alikuwa anaijua hospitali kwa nje tu. Kifua kikambana, akapimwa, akaambiwa mshipa mmoja wa moyo umeziba sehemu kubwa. Wakamwingiza mrija, wakautanua mshipa kwa kipulizo, wakaweka stenti, kesho yake akaruhusiwa. Moyo uko vizuri. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru madaktari, kazi yao tumeiona.

Ila leo siandiki habari za moyo. Habari za moyo mmezisikia: chumvi, mafuta, sigara, mazoezi. Leo naandika habari za tundu.

Tundu gani tena? Ngoja nieleze.

Mrija haufiki kwenye moyo kwa miujiza. Lazima uwe na mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe ni mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, yaani ateri. Kuna milango miwili inayotumika zaidi. Mmoja uko mkononi, pale chini ya dole gumba ambapo nesi anapima mapigo. Mwingine uko kinenani, pale paja linapokutana na tumbo. Daktari anachoma sindano, ndani ya sindano anapitisha waya mwembamba, sindano inatoka, juu ya waya inapita bomba fupi ya plastiki, na ndani ya bomba hiyo ndiyo inapita mirija mingine yote. Njia hiyo ya sindano, waya na bomba ilitangazwa na daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953, na mpaka leo ndiyo inayotumika dunia nzima. Kazi ikiisha kila kitu kinachomolewa. Kinachobaki ni tundu la milimita 2 au 3 kwenye ateri.

Milimita 2 au 3 si kitu, mtasema. Ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Lakini fikirieni hivi. Damu inayorudi kwenye moyo inatembea polepole. Werner Forssmann, yule daktari kijana wa Ujerumani aliyejiingizia mrija mpaka kwenye moyo wake mwenyewe mwaka 1929 na baadaye, 1956, akapata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, alipitia mshipa wa aina hiyo, mkononi. Ateri ni habari nyingine. Damu yake inasukumwa na moyo moja kwa moja, kwa kila pigo. Ukiongeza kwamba mgonjwa wa stenti anapewa dawa za kuzuia damu isigande, unaona ugumu ulipo: dawa zilezile zinazolinda stenti isizibe ndizo zinazolizuia tundu lisizibe. Unataka damu igande sehemu moja na isigande sehemu nyingine, na damu ni ileile.

Sasa tundu linazibwaje? Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo sikuyaona kwenye karatasi yoyote tuliyopewa. Niliyajifunza kwa wagonjwa.

Mgonjwa wa kwanza ni mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa kitanda cha jirani na mjomba. Mzee huyu ni mkongwe wa mambo haya. Mara ya kwanza aliwekewa mrija India, enzi zile ambazo mgonjwa wa moyo Tanzania alisubiri rufaa na pasipoti. Leo mambo yamebadilika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na siyo hospitali pekee jijini inayofanya kazi hiyo. Mzee anasema kule India walimkandamiza kwa mkono. Kijana mmoja mwenye nguvu alisimama pembeni ya kitanda, akaweka vidole kinenani, akaegemeza uzito wake wote. "Mwanangu, dakika zile zilikuwa ndefu kuliko safari ya ndege," aliniambia. Halafu akawekewa mfuko wa mchanga juu ya paja na kuamriwa alale chali, mguu umenyooka, asiinue hata kichwa, kwa saa sita. Akabanwa mkojo. Akaletewa chupa. Mkojo ukakataa kutoka kwa sababu mtu mzima hajazoea kukojoa amelala huku anatazamwa. Hilo ndilo analolikumbuka zaidi. Safari hii alikandamizwa vilevile, na hana kinyongo. "Mkono wa mtu nauamini," anasema.

Mgonjwa wa pili ni mjomba. Yeye aliwekewa kizibo.

Vizibo hivi si vipya sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu cha kwanza mwaka 1995, na tangu hapo vimekuja vya kila namna. Kuna vinavyoshona tundu kwa uzi, kama fundi cherehani aliyejificha ndani ya paja. Kuna vya kibanio kidogo cha chuma kinachobana ukuta wa mshipa kwa nje. Kuna vya utomvu maalumu unaojaza tundu na kuyeyuka ndani ya mwezi mmoja. Na kuna vya nanga, kama cha mjomba: kipande kidogo bapa kinakaa ndani ya mshipa, kingine laini cha kolajeni kinakaa nje, uzi unavivuta pamoja na ukuta wa mshipa unabaki katikati kama nyama ndani ya sambusa. Vipande hivyo vya nanga na uzi wake vinayeyuka vyenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 90.

Raha yake ni muda. Utafiti mkubwa uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha wagonjwa 4,524. Kwa mkono, damu ilichukua kama dakika 10 kukoma. Kwa vizibo ilikuwa dakika moja hivi. Na wenye matatizo ya jeraha ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 6.9 kwa vizibo na 7.9 kwa mkono, yaani karibu sawa. Someni vizuri hapo. Kizibo kinaokoa muda na mgongo wa mgonjwa. Hakimfanyi awe mtu asiyeweza kuvuja.

Mjomba anasimulia kwamba wakati kinawekwa alihisi kitu kinavutwa ndani ya paja, "kama mtu anafunga mzigo wa lori kwa kamba." Maumivu yalikuja na kuondoka. Baada ya saa chache akasimamishwa, akatembea mpaka dirishani, akamtazama mzee wa Tanga aliyekuwa bado kalala na mfuko wake wa mchanga, akacheka. Mzee naye akamwambia, "Cheka tu. Nyumbani ndiyo utajua."

Mgonjwa wa tatu ni mama mmoja mwalimu niliyekaa naye kwenye foleni ya kliniki. Yeye aliingiziwa mkononi. Njia hiyo aliitangaza Lucien Campeau wa Kanada mwaka 1989 kwa uchunguzi, na mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaweka stenti kupitia hapohapo. Mwalimu alivishwa bangili ya plastiki yenye hewa, ikapunguzwa hewa kidogo kidogo kwa saa kadhaa, huku amekaa kitandani anakunywa uji. Kilichomuuma ni mshipa wenyewe, ulijikaza mrija ukiwa ndani. Wiki nzima hakuweza kusonga ugali, mkono ulikuwa mzito. Lakini chooni alikwenda mwenyewe.

Utafiti mwingine wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 7,021 katika nchi 32, ulionyesha kwamba matatizo makubwa ya mshipa ulikoingizwa mrija yalitokea kwa asilimia 1.4 ya walioingiziwa mkononi na asilimia 3.7 ya walioingiziwa kinenani. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi wanaanza na mkono. Lakini si kila mkono unafaa. Mishipa mingine ni myembamba mno au imejipinda, mingine lazima itunzwe kwa sababu mgonjwa wa figo ataihitaji, na vifaa vingine ni vinene, havipiti. Mjomba walimjaribu mkononi ikashindikana. Ndipo wakashuka kinenani.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya mzee: nyumbani ndiyo utajua.

Tuliruhusiwa na mfuko wa dawa, kadi ndogo na karatasi moja ya Kiingereza. Mimi niliisoma, nikamtafsiria mjomba na mke wake, ambaye sisi tunamwita Anti. Karatasi ilisema asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5. Ilisema asiendeshe gari kwa siku kadhaa. Ilisema asijilaze kwenye bafu lililojazwa maji. Mjomba anaishi Mbagala. Bafu lake ni ndoo na kopo. Ndoo ikijaa ni lita 20, yaani kilo 20, lakini nani Mbagala anaipima ndoo kwa kilo? Na choo chake ni cha kuchuchumaa. Kuhusu kuchuchumaa karatasi haikusema hata neno moja.

Usiku wa pili mjomba alikwenda chooni. Alipoinuka alihisi kitu cha moto kinashuka pajani. Akadhani ni maji. Aliporudi kwenye taa, msuli wote mbele ulikuwa mwekundu.

Watu wengi hapo wangetafuta kitambaa, wafunge, wapige simu. Anti hakufanya hivyo. Alimlaza mjomba chali pale pale sakafuni, akaweka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, akakandamiza kwa uzito wake wote. Na hakukandamiza kwenye tundu la ngozi. Alikandamiza juu yake kidogo, upande wa tumboni. Akamwagiza mtoto wa jirani atafute gari. Hakuinua mkono hata mara moja kuchungulia. Gari lilipofika bado alikuwa amekandamiza, na alikandamiza njia nzima, kapiga magoti kwenye kiti cha nyuma.

Nani alimfundisha? Mzee wa Tanga. Saa ya kuona wagonjwa, wakati sisi wengine tunamenya machungwa, mzee alimwita akamwambia: shemeji, tundu la ngozi na tundu la mshipa si mahali pamoja. Sindano inaingia kwa kulala, kwa hiyo tundu la mshipa liko juu zaidi. Damu ikitoka kandamiza juu, na usichungulie.

Pale hospitali walipima kwa ultrasaundi. Mshipa haukuwa na uvimbe wa hatari, ilikuwa damu iliyovilia chini ya ngozi na njia ya jeraha iliyofunguka. Wakakandamiza tena, akalazwa usiku huo, basi. Daktari wa zamu, kijana wa rika langu, alikaa kitandani kwa mjomba akaeleza kila kitu kwa Kiswahili, kwa dakika tano. Kwamba siku za mwanzo kuchuchumaa kunakunja kinena na kuongeza msukumo palepale penye jeraha, kwa hiyo atumie choo cha kukaa au kiti chenye tundu. Kwamba akikohoa au kupiga chafya aweke mkono juu ya jeraha. Kwamba weusi ulioshuka mpaka karibu na goti utageuka kijani, halafu njano, halafu utaondoka. Kwamba kile kigumu kama punje ya haragwe anachokisikia chini ya ngozi ni kizibo na kovu lake, lakini kikikua au kikidunda kama moyo, aje siku hiyohiyo. Kwamba maumivu ya mgongo au tumbo pamoja na kizunguzungu si ya kusubiri, kwa sababu damu inaweza kuvuja kwa ndani, nyuma ya tumbo, isionekane kabisa. Mguu wa baridi au wenye ganzi, homa, usaha, vilevile. Na kwamba asiache dawa za stenti kwa kuogopa damu. Hilo alilisema mara mbili, kwa sababu mjomba alikuwa tayari ameazimia kuziacha.

Mjomba akauliza kizibo kimetengenezwa na nini. Akaambiwa kolajeni yake imetokana na ng'ombe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tatizo la nyama ya ng'ombe linatibiwa kwa ng'ombe." Wodi nzima ikacheka.

Na ile kadi ndogo? Anti alikuwa ameichomeka kwenye kabati la vyombo, akidhani ni tangazo. Kumbe imeandikwa aina ya kizibo na tarehe. Ikitokea mjomba anahitaji kutobolewa tena ndani ya siku 90, daktari lazima ajue kuna kitu pale. Sasa iko kwenye pochi, nyuma ya leseni yake.

Jina la hospitali siliandiki, wala sina ugomvi nayo. Sina ugomvi na kizibo pia. Ninachosema ni hiki: dakika tano za yule daktari zilipatikana baada ya damu kumwagika. Zilipaswa kupatikana kabla. Elimu iliyotusaidia usiku ule ilitoka kitanda cha jirani. Je, kama kitanda kile kingekuwa kitupu?

Kuna jambo jingine, la aibu, na kwa sababu ni la aibu halisemwi. Kinena ni sehemu ya siri. Unanyolewa na mtu usiyemjua. Nesi, pengine binti wa umri wa mwanao, anafunua shuka kila baada ya dakika chache kuangalia. Mjomba alikiri baadaye kwamba jioni ile ya kwanza palimuuma, pakavimba kidogo, na hakusema, kwa sababu hakutaka kufunuliwa tena. Hata nyumbani hakumwonyesha mtu. Wanaume wangapi wanavuja kimya kimya kwa kuona haya? Na mzee wa Tanga alikuwa na swali ambalo alimuuliza kila mtu isipokuwa daktari: asujudu vipi? Aliposhauriwa hatimaye amuulize, aliambiwa aswali akiwa ameketi kwenye kiti kwa siku za mwanzo. Jibu jepesi kabisa. Lakini ilibidi mtu alifikirie kwanza swali.

Basi kama una mzazi, mjomba au shangazi anayekwenda kuwekewa mrija, na kwa umri wetu huu wengi wetu tunao, mwulize daktari haya kabla hamjaondoka:

1. Umepitia mkono au kinena, na kama ni kinena, kwa nini?
2. Tundu limezibwa kwa mkono au kwa kizibo? Kizibo gani, na kinayeyuka lini au hakiyeyuki?
3. Kadi iko wapi?
4. Kwa siku ngapi asichuchumae, asibebe ndoo, asipande bodaboda, asipande ngazi?
5. Damu ikitoka saa nane za usiku, nikandamize wapi, na nimpigie nani?

Swali la 5 usikubali kujibiwa kwa maneno. Mwambie nesi akushike mkono, auweke mahali penyewe. Ni sekunde chache tu. Anti anapajua, na sasa na mimi napajua.

Mjomba anaendelea vizuri, ameanza kutembea jioni mpaka kituo cha daladala na kurudi. Amenunua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa kisu cha moto, kiko chooni. Majirani wawili wameshakiazima.

Naishia hapo kwa leo. Mwenye uzoefu wake na tundu lake, la mkono au la kinena, auseme bila haya. Unaweza kuwa ndio mafunzo pekee atakayopata mke wa mtu usiku wa manane.